Somo: Wakili akimfuata mzee nyumbani kwa ajili ya wosia na hati za warithi

Wanachama, habari za jioni. Swali linalorudi kila wiki ni hili: mzee yuko kijijini, tuseme Mvumi au Makang'wa huku Dodoma, miguu haimbebi tena, na wakili yuko mjini. Je, anaweza kumfuata? Anaweza. Sheria ya makamishna wa viapo, yaani wanaoapisha watu na kugonga muhuri, Sura ya 12, haimfungi wakili kwenye kiti cha ofisi yake. Kinachowaangusha watu ni kudhani muhuri ndio unaotengeneza wosia, halafu wanasahau mashahidi.

Kwanza, jueni mzee anafuata sheria ipi. Kwa anayeishi kimila, kama wazee wetu wengi wa Kigogo, Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 linataka wosia wa maandishi uwe na tarehe, uandikwe kwa wino au uchapwe (penseli hapana), na uonyeshe kwamba mwenye wosia ana akili timamu. Kama anajua kusoma na kuandika, mashahidi wasipungue wawili: mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hajui, wanne: wawili wa ukoo, wawili watu baki. Mashahidi wenyewe wawe wanajua kusoma na kuandika. Mke, au wake, waliopo nyumbani nao washuhudie. Hapo hamtaona wakili ametajwa. Tunamwita kwa sababu nyingine: awe mtu wa nje atakayesimama mahakamani akasema alimwona mzee akiweka sahihi, na awaandalie zile karatasi nyingine ambazo bila kiapo hazitembei.

Pili, wekeni karatasi mezani kabla hamjampigia simu. Kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya kiwanja au hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba, kadi ya benki, kitabu cha SACCOS (chama cha akiba na mikopo). Someni majina herufi kwa herufi. Shamba la zabibu limeandikwa Yohana, kitambulisho kinasema John, SACCOS wameandika jina la babu tu. Mzee akiwa hai, hilo linamalizwa kwa kiapo cha majina, kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, siku hiyohiyo wakili akiwa hapo. Akishafariki, mtahangaika nalo miezi.

Tatu, mhakikini wakili. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili kwenye intaneti. Ingiza jina, utaona kama ana leseni hai au amesimamishwa. Muhuri unachongwa mtaani kwa bei ya soda kadhaa, msiuamini peke yake. Bei ya kuja kijijini kubalianeni mapema, nauli ikiwemo, na risiti mdai.

Nne, siku yenyewe. Hapa nitakaa kidogo.

Mashahidi wafike kabla ya wakili. Anayerithishwa asiwe shahidi. Mke yeye anashuhudia, kama nilivyoeleza hapo juu. Kisha mwacheni wakili na mzee peke yao chumbani kwa muda. Kuna watoto wanaonuna wakiambiwa watoke nje. Watoke tu, maana kesho ndugu akisema "baba alilazimishwa", dakika hizo ndizo zitakazojibu. Kama mzee anaelewa Kigogo vizuri kuliko Kiswahili, asomewe kwa Kigogo na mtu asiye na fungu katika wosia, na iandikwe kwamba amesomewa, ameelewa, ndipo akaweka dole gumba. Kila ukurasa uwekwe sahihi au dole. Palipofutwa pawekwe sahihi pembeni.

Kwenye viapo, angalieni mistari ya mwisho kabisa: "Kimeapwa hapa ......... leo tarehe ......... mbele yangu." Mawakili wengi huja na karatasi iliyokwishachapwa "hapa Dodoma". Kifungu cha 8 cha ile Sura ya 12 kinataka paandikwe mahali na tarehe halisi ya kuapa. Mmeapa Kibaigwa, iandikwe Kibaigwa. Viapo vimetupwa mahakamani kwa kasoro za mistari hiyo, na wakili wa upande wa pili hulitafuta kosa hilo kwa tochi. Pia huandikwa kama wakili anamfahamu mwapaji au ametambulishwa kwake na mtu anayemfahamu, kwa hiyo awepo mtu wa namna hiyo. Jina la wakili lisomeke, si mchirizi wa wino tu.

Tano, kuhifadhi. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea na kutunza wosia. Wengine huacha kwa wakili au benki. Popote mtakapochagua, watu wawili wasioishi nyumba moja wajue ulipo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mimi wa Bahi. Bodaboda hawezi kuchukua karatasi zilizosainiwa nyumbani, akazipeleka mjini zikagongwe muhuri?*
Hapana, ndugu yangu. Maneno "mbele yangu" yana maana ileile unayoijua. Wakili anayegonga bila kumwona mtu anawauzia karatasi ya kufungia maandazi.

*Mama yangu amelazwa. Wakili anaweza kuingia wodini?*
Pole sana, dada. Anaweza, kwa ruhusa ya hospitali. Mwombe daktari aandike kwamba mama anajitambua siku hiyo. Kama amekunywa dawa za kulewesha, subirini. Hali ikiwa mbaya na hakuna wa kuandika, mila inakubali wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki.

*Sisi ni Waislamu, Kondoa. Wakili amesema baba anaweza kumwachia mwanawe mmoja nyumba yote.*
Kaka, muulizeni tena, safari hii na shehe awepo. Kwa sheria ya Kiislamu wasia hauzidi theluthi ya mali, na mrithi haachiwi kwa wasia mpaka warithi wenzake waridhie. Zinazobaki zinagawanywa kwa mafungu yanayojulikana.

*Kaka yetu yuko Marekani, anasema huko kuna mthibitishaji anayekuja mpaka nyumbani. Amtumie huyo kunipa mamlaka ya kusimamia kiwanja chake cha Nzuguni?*
Huyo yupo kweli, lakini kwenye majimbo mengi ya huko si mwanasheria na haruhusiwi kutoa ushauri wa sheria. Kazi yake ni kuthibitisha nani ameweka sahihi. Kaka awasiliane na ubalozi wetu Washington kabla hajasaini chochote, halafu hati ije isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Na mjue hati ya kumpa mtu mamlaka hufa na aliyeitoa. Watu wameuza viwanja vya marehemu kwa hati za namna hiyo, wakaishia kizimbani.

*Nimeandika kwenye wosia kwamba mafao yangu ya PSSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma) apate mdogo wangu. Inatosha?*
Haitoshi, mama. Mafao ya warithi yana sheria yake inayotaja wategemezi, mwenza na watoto wakiwa mbele. Wosia hauipindui. Nenda ofisi zao ukahakiki waliomo kwenye taarifa zako, hasa kama uliwaandika kabla hujaolewa. Fomu ya mrithi ya SACCOS nayo iulizie hukohuko SACCOS. Hizo hazimsubiri wakili.