Mtoto karuhusiwa mapema? Mtazame manjano dirishani kuanzia siku ya tatu
Kwa mama aliyejifungua Mbeya mjini au Iringa akaruhusiwa baada ya saa 24: siku ya tatu hadi ya tano, kila asubuhi, msogeze mtoto dirishani penye mwanga wa mchana, si wa taa, umtazame kama ana manjano, yaani ngozi na macho kugeuka njano. Kwa kidole kilichooshwa, bonyeza ufizi wake taratibu, kisha achia. Ukiona njano pale ulipobonyeza, angalia na weupe wa macho, viganja na nyayo. Kubonyeza husukuma damu pembeni, rangi iliyojificha ikaonekana. Kwa ngozi zetu nyeusi kutazama uso tu hakutoshi. Siku hizo ndizo manjano hupanda, na mtoto keshafika nyumbani, hakuna nesi wa kumwona. Ni miongoni mwa sababu kubwa za watoto kurudishwa wodini wiki ya kwanza.

Njano ikionekana, akapimwe siku hiyohiyo. Ikifika viganjani au nyayoni, au ikitokea ndani ya saa 24 za kwanza, usisubiri kukuche. Na jamani, kumwanika juani si tiba. Kwa baridi ya Makete mwezi Juni utamwongezea tatizo la pili.

Mbinu hii hukwama usiku, na kwa mtoto njiti usiitegemee. Jicho pia halipimi kiwango cha manjano, kipimo cha damu ndicho hupima. Mtoto anayelala tu, hanyonyi, au nepi hailowi, mpeleke hata kama ufizi ni mwekundu kabisa. Na ile kliniki ya mama na mtoto ya saa 48 hadi 72 baada ya kujifungua iko palepale, usiiache.