Kabla hujaanza somo la akitekcha ya kompyuta, weka haya sawa

Madogo mnaoingia chuo kusoma kompyuta, hili somo la prosesa na memori zinavyofanya kazi kwa ndani halitaki laptopu ya bei mbaya, linataka namba ziwe zimeshakukaa kichwani kabla ya lekcha ya kwanza. Binari (namba za 0 na 1 tu) na heksadesimali (namba za kumi na sita, 0 hadi 9 halafu A hadi F) ndo msingi wa vyote aisee. Ukiona 0x2F (0x ni alama ya heksadesimali) ujue fasta ni 47, na namba hasi ujue zinaandikwaje, mfano -5 kwa biti 8 (biti ni tarakimu moja, 0 au 1): chukua 5 ambayo ni 00000101, geuza kila biti upate 11111010, jumlisha 1, inakuwa 11111011, na ndo maana baiti moja (biti 8) yenye alama ya chanya au hasi inaanzia -128 inaishia 127. Fanyia kwenye karatasi kabisa, kila siku kidogo, kalkuleta weka pembeni. Vipeo vya 2 navyo vikariri mpaka 65,536.

Lojiki haina makuu: AND (1 zote zikiwa 1), OR (1 hata moja ikiwa 1), NOT (inageuza), XOR (1 zikitofautiana) na majedwali yake. Ukijua kwamba biti mbili zikijumlishwa XOR inatoa jibu na AND inatoa ile ya kubeba, umeshaona prosesa inavyojumlisha.

Halafu lugha ya C, hasa pointa (anwani za memorini), hapa wengi wanaparuka na inauma kweli kuwaona wanateseka baadaye. Elewa kwamba array (orodha) ya int (namba kamili) inakaa memorini kwa mfululizo, kila moja kwa kawaida baiti 4, so ya tano iko baiti 16 mbele ya ile ya kwanza. Asembli, lugha ya amri za prosesa yenyewe, itakudai hesabu hiyo hiyo, tena uifanye mwenyewe bila kompaila (programu inayotafsiri C) kukusaidia.

Muulize mwalimu mapema kama mtatumia MIPS au RISC-V, yaani aina ya prosesa mtakayoandikia asembli. Zote zina rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) 32 za kawaida na moja wapo ni sifuri daima. Programu za kujaribia asembli ni mbili, MARS ni ya MIPS, RARS ni ya RISC-V, zote za bure na zinataka Java, zishushe mapema kabla bando halijakata.

Kache (memori ndogo ya haraka karibu na prosesa) na paiplaini (prosesa kushughulikia amri kadhaa kwa hatua zinazopishana) subirini darasani, ila jaribu hiki: andika C ijumlishe array ya 4,000 kwa 4,000, kwanza mstari kwa mstari, halafu safu wima kwa safu wima, upime muda. Ya pili mara nyingi inachelewa sana, maana C inapanga mistari mfululizo na kache inabeba kipande kizima, kwa prosesa nyingi baiti 64, sasa ukiruka ruka karibu chote kinapotea bure. Nenda darasani na swali hilo.