SOMO: Uanzie wapi kumsikiliza Frank Zappa

Wakuu, kila nikimtaja Frank Zappa, mpiga gitaa na mtunzi wa Marekani, napata ujumbe wa aina moja: "Nilifungua orodha yake, nikaona albamu zaidi ya mia, nikafunga." Nawaelewa kabisa. Zappa alifariki Desemba 4, 1993, akiwa na miaka 52 tu, na hadi siku hiyo alikuwa ameshatoa albamu zaidi ya 60. Baada ya hapo ghala lake la kanda limeendelea kufunguliwa, na sasa idadi imepita 120. Humo ndani kuna roki, jazi, bluzi, okestra, vichekesho na muziki uliotungwa kwa kompyuta. Ukiokota moja kwa kubahatisha, kuna hatari kubwa ukaokota isiyokufaa, ukaondoka ukiamini kwamba mtu huyu si wako.

Mimi yalinikuta. Ya kwanza kuisikia ilikuwa albamu yake ya 1979 iliyojaa matusi na utani wa chooni. Nikaizima kabla haijafika nusu, nikakaa miaka mitatu bila kumgusa. Baadaye jamaa yangu akaniwekea wimbo wake usio na neno hata moja, hakuniambia ni wa nani. Nilimwomba aurudie mara nne.

Jambo la msingi kabla ya hatua zenyewe: usichague albamu, chagua bendi. Wapenzi wa dansi hili wanalijua bila kufundishwa. Ukimwambia mtu unapenda OK Jazz atakuuliza ipi, ya enzi za Sam Mangwana au ya enzi za Madilu? Zappa naye ni hivyohivyo. Alikuwa mtunzi aliyeandika noti kwenye karatasi, akakusanya watu wenye uwezo wa kuzipiga, akazunguka nao, kisha akavunja kikosi na kuunda kingine. Kila kikosi kina ladha yake. Ukishajua vikosi, zile albamu mia hazitishi tena.

HATUA YA 1: Hot Rats (1969)

Anza hapa. Ina nyimbo sita, na tano kati yake ni muziki mtupu. Hakuna utani wa kuelewa wala habari za Marekani za kutafsiri. Ni masikio yako na vyombo.

Wimbo wa kwanza unaitwa Peaches en Regalia, wa dakika tatu na nusu hivi. Uweke ukiwa na spika za masikioni, tafadhali, spika ya simu itakunyima nusu ya mambo. Ngoma zinafungua peke yake, kisha inaingia melodi ya furaha inayotembea kama maandamano ya harusi. Sasa fanya hivi: mara ya kwanza sikiliza tu. Mara ya pili mfuate Ian Underwood. Huyu mtu mmoja ndiye anayepiga kinanda, piano, klarineti na saksafoni zote unazozisikia, akizipanga moja juu ya nyingine. Iliwezekana kwa sababu Zappa alirekodi kwa mtambo wa njia 16, yaani unaoweza kubeba sauti 16 kila moja peke yake, wakati studio nyingi bado zilikuwa na njia 8. Ndiyo maana watu wachache wanasikika kama okestra nzima.

Wimbo wa pili, Willie the Pimp, ndio pekee wenye kuimbwa. Anaimba Captain Beefheart kwa sauti ya kukwaruza, na fidla chafu tamu anaipiga Don "Sugarcane" Harris. Uimbaji ni mfupi sana, halafu gitaa la Zappa linashika usukani kwa dakika nyingi zilizobaki. Ukijikuta unaifuata solo hiyo hadi mwisho bila kuchoka, tayari umeingia ndani ya nyumba.

Kaa na albamu hii wiki nzima. Usikimbilie nyingine.

HATUA YA 2: Kikosi cha 1973 hadi 1975

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na sitaficha upendeleo. George Duke kwenye kinanda na sauti, Ruth Underwood kwenye marimba na vibrafoni (kama marimba, ila ya vibao vya chuma), Napoleon Murphy Brock akiimba na kupiga saksafoni, Chester Thompson kwenye ngoma, Tom Fowler kwenye besi na ndugu yake Bruce kwenye tromboni. Albamu za kuchukua ni mbili: Roxy & Elsewhere (1974), ambayo sehemu kubwa ilirekodiwa jukwaani Hollywood Desemba 1973, na One Size Fits All (1975).

Anza na hiyo ya 1975, wimbo wa kwanza, Inca Roads. Duke anaimba habari za chombo cha angani kutua milima ya Andes. Kwenye dakika ya pili hivi gitaa la Zappa linaingia, taratibu, kama mtu anayefikiri kwa sauti. Msingi wa wimbo ulirekodiwa Los Angeles, Agosti 1974. Solo ile ya gitaa ilikatwa kutoka kwenye onyesho la Helsinki, Septemba mwaka huohuo, ikapandikizwa. Sikiliza mara kumi uitafute mishono yake. Mimi bado sijaiona. Zappa alikuwa akirekodi maonyesho yake na kuziweka kanda zake ghalani, na kwake onyesho lilikuwa malighafi ya albamu kama ilivyo mbao kwa fundi seremala.

Baada ya solo msubiri Ruth. Alisoma muziki wa kitaaluma Juilliard, New York, na kuna vipande humo anavyopiga kwa kasi ambayo mkono wa kawaida hauwezi. Na chombo chenyewe ni marimba! Neno la Kibantu, lililovuka bahari na watu waliotekwa, likakaa Amerika ya Kati, likawa jina la chombo kikubwa cha mbao kinachopigwa leo kwenye okestra za dunia. Mwisho kabisa wa wimbo utawasikia wakilitaja jina lake: Ruth. Anastahili.

HATUA YA 3: Sasa ingiza maneno

Apostrophe (') ya 1974 ndiyo iliyopanda juu kuliko zote kwenye chati ya Billboard ya Marekani, nafasi ya 10. Ni fupi, na upande wa kwanza ni kama hadithi inayosimuliwa na mzee mcheshi aliyejaa chumvi. Ifuatishe na Over-Nite Sensation (1973). Kiingereza chake ni cha mtaani, kwa hiyo soma maneno huku unasikiliza. Utagundua pia sauti yake imeshuka kuwa nzito. Desemba 10, 1971, mtu mmoja alimsukuma kutoka jukwaani London, akaanguka kwenye shimo la okestra, akaumia vibaya na kukaa kwenye kiti cha magurudumu kwa miezi. Koo liliumia, sauti ikashuka moja kwa moja.

HATUA YA 4: Chagua mlango wako

Hapa kila mtu aende anakovutwa.

Kama unapenda tarumbeta na bendi kubwa, nenda The Grand Wazoo (1972), aliyoitengeneza wakati bado anauguza majeraha hayo.

Kama unapenda gitaa, kuna Shut Up 'n Play Yer Guitar (1981), diski tatu za solo tupu. Usizimeze kwa siku moja.

Kama unapenda okestra, The Yellow Shark (1993), iliyopigwa na Ensemble Modern ya Ujerumani. Hii inahitaji maelezo kidogo. Miaka ya themanini Zappa alinunua mtambo wa kompyuta uitwao Synclavier, akatunga vitu ambavyo aliamini binadamu hawezi kuvipiga. Kimojawapo ni G-Spot Tornado, kilicho kwenye Jazz from Hell (1986), albamu iliyompatia tuzo ya Grammy. Septemba 1992 wanamuziki wale wa Ensemble Modern waliupiga kwa mikono na midomo yao, mbele ya watu, na Zappa mwenyewe, akiwa tayari mgonjwa wa saratani ya tezi dume, alisimama kuwaongoza. Sikiliza kwanza toleo la kompyuta, kisha hili la watu, mfululizo. Mimi hili la pili hunitoa machozi.

Albamu za miaka ya sitini alizotoa na kundi lake la Mothers of Invention ziache za mwisho. Sababu nimeieleza kwenye maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Bando langu dogo. Nipe nyimbo tatu tu nijue kama nitaendelea.

Peaches en Regalia, Inca Roads, na Watermelon in Easter Hay ya 1979. Huo wa tatu ni gitaa la polepole la dakika kama tisa, juu ya mzunguko wa mapigo tisa. Uwekee usiku nyumba ikiwa imetulia.

Swali: Kwa nini nisianze na Freak Out! wakati ndiyo ya kwanza? Mimi napenda kufuata mtiririko.

Freak Out! (1966) ni kazi kubwa, tena ilitoka kama santuri mbili wakati jambo hilo lilikuwa nadra sana kwenye roki. Lakini kaka, albamu zile zinabishana na watu wa California wa miaka ile. We're Only in It for the Money (1968) inawasuta mahipi, na picha yake inaigiza jalada la albamu ya Sgt. Pepper ya Beatles. Ukiwa hujui anayesutwa, unabaki kama mgeni aliyekaribishwa katikati ya ugomvi wa ndugu. Ukimpenda kwanza kama mwanamuziki, utarudi huko mwenyewe ukiwa na hamu ya kujua walikuwa wanagombania nini.

Swali: Nina watoto nyumbani. Hayo matusi uliyosema ni ya kiwango gani?

Ni mengi, dada, na sitayapamba. Sheik Yerbouti na Joe's Garage, zote za 1979, zina nyimbo zinazodhalilisha wanawake waziwazi. Wapo wanaosema alikuwa anaikejeli jamii. Mimi naona mara nyingine alikuwa anatukana tu, na siziweki sebuleni. Ndiyo maana hatua zangu zimeanza na muziki usio na maneno. Hot Rats, The Grand Wazoo na The Yellow Shark unaweza kuziweka watoto wakiwepo. Haki yake ya kuandika alichotaka aliitetea mwenyewe mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, Septemba 19, 1985, walipokuwa wakijadili lebo za onyo kwenye rekodi. Kumsikiliza akijieleza pale ni jambo jingine, hata kama hupendi nyimbo zake.

Swali: Nimekuta Hot Rats mbili, moja The Gumbo Variations ina karibu dakika 13, nyingine karibu 17. Ipi ya kweli?

Zote ni zake. Ya dakika 13 ni ya santuri ya 1969. Mwaka 1987 alipoihamishia kwenye CD aliichanganya upya, yaani alipanga upya sauti za vyombo zilizorekodiwa, na kuurefusha wimbo huo. Toleo la 2012 limerudi kwenye mchanganyiko wa 1969, nami nashauri uanze na hilo. Kuwa makini zaidi na Cruising with Ruben & the Jets (1968): miaka ya themanini alifuta besi na ngoma za zamani akarekodi mpya kabisa. Anayetaka ile ya asili atafute Greasy Love Songs, iliyotoka 2010.

Swali: Mimi nilianza na Apostrophe na nikampenda palepale. Huoni unawazungusha watu?

Kama masikio yako yalifungukia hapo, hongera, hukukosea. Nimepanga hivi kwa ajili ya wale waliokwisha kumfunga, kama mimi miaka ile. Kwako sasa nakushauri upige hatua moja ya pembeni: One Size Fits All, uanze na Inca Roads. Bendi ile unaifahamu nusu yake tayari, maana Duke na Ruth walikuwemo kwenye Apostrophe. Ukimaliza rudi utuambie mshono wa Helsinki umeupata dakika ya ngapi.