Jinsi ya kusoma granulaiti ya Enderby Land chini ya hadubini

Miamba ya Napier Complex, kundi la miamba ya kale huko Enderby Land mashariki mwa Antaktika, ilipikwa kupita kawaida. Granulaiti ni miamba iliyogeuzwa na joto kali chini ya ardhi, na nyingi duniani huiva kati ya nyuzi 700 na 900 za Selsiasi. Hizi zilivuka 1,000, na sehemu nyingine zikakaribia 1,100, kwenye kina cha kilomita 25 hadi 35 hivi, takriban miaka bilioni 2.5 iliyopita. Ushahidi wa joto hilo uko pale punje mbili za madini zinapogusana. Anayeorodhesha majina ya madini na kufunga daftari amefanya nusu ya kazi, tena nusu ile rahisi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kutumia hadubini ya polaraiza, hata kama ni ya darasani.

Hatua ya 1: Pata slaidi

Huwezi kwenda Antaktika kuokota mawe utakavyo. Itifaki ya Madrid ya 1991, mkataba wa kulinda mazingira ya Antaktika, inapiga marufuku uchimbaji wa madini, na hata ukusanyaji wa kisayansi unahitaji kibali. Wengi wetu huazima slaidi (vipande vyembamba vya mwamba vilivyobandikwa kwenye kioo) kutoka hifadhi za vyuo na taasisi za nchi zenye vituo kule. Wakati unasubiri, jizoeze kwa enderbaiti za Pare, Usambara au Uluguru. Aina hiyo ya mwamba ilipewa jina mwaka 1936 kutokana na Enderby Land yenyewe, na Tanzania tunayo, katika miamba iliyoiva karibu miaka milioni 640 iliyopita, Gondwana, bara kuu la kale, ilipokuwa ikiungana. Madini ya feldispa, kwatzi na othopairoksini utayazoea humo. Safirini, madini ya samawati tunayoyatafuta kwenye slaidi za Napier, usiitegemee.

Hatua ya 2: Hakikisha unene

Slaidi iwe na unene wa milimita 0.03. Ingiza polaraiza ya pili, utafute kwatzi: iwe ya kijivu hadi nyeupe. Ikionyesha umanjano, slaidi ni nene, na rangi zote utakazosoma baadaye zitakupotosha.

Hatua ya 3: Tafuta safirini

Toa polaraiza ya pili. Tumia lenzi ndogo, pitia slaidi nzima polepole. Unatafuta punje yenye kingo nzito, iliyojitokeza kuliko kwatzi iliyo jirani, na yenye rangi ya samawati inayofifia au kugeuka ukizungusha jukwaa. Rudisha polaraiza: safirini hubaki na kijivu cha chini, haina rangi za kung'aa. Ikizima kabisa na kubaki nyeusi kila upande unaozungusha, hiyo ni ganeti au spineli.

Othopairoksini nayo hubadilika rangi, ila huenda kati ya waridi na kijani, na mipasuko yake hukutana karibu na pembe mraba. Silimanaiti ni vijiti au nyuzi, na rangi zake chini ya polaraiza mbili zimechangamka zaidi.

Hatua ya 4: Soma mipaka

Hapa usiharakishe. Safirini peke yake haithibitishi joto kali. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1819 kutoka Fiskenæsset, Greenland, na kule inakaa kwenye miamba yenye upungufu wa silika, isiyo na kwatzi. Kilichoshangaza Enderby Land, katika ripoti ya mwanajiolojia Dallwitz ya 1968, ni safirini na kwatzi kukaa pamoja. Wawili hawa huvumiliana kwenye joto kali tu.

Kwa hiyo panda lenzi kubwa, ufuate ukingo wa kila safirini mzunguko mzima. Je, inaigusa kwatzi moja kwa moja, au kuna utepe katikati? Mara nyingi utaona vyote viwili ndani ya slaidi moja. Utepe wa ganeti na silimanaiti, au wa othopairoksini na silimanaiti, maana yake safirini na kwatzi ziliwahi kugusana, kisha mwamba ukapoa na zikaanza kulana. Tepe hizo ni miongoni mwa sababu za wanajiolojia kusema kwamba Napier ilipoa ikiwa bado chini kabisa, bila kuinuliwa haraka. Chora mpangilio huo kwa penseli: nini kiko ndani, nini kinazunguka nini. Mimi huiamini michoro kuliko picha, kwa sababu mkono unaochora hulazimisha jicho kuamua.

Tahadhari moja: chuma kilichooksidika kikiingia kwenye safirini, jozi hii huweza kudumu kwenye joto la chini zaidi. Ukiona magnetaiti (oksidi ya chuma) nyingi jirani, usitangaze nyuzi 1,000 kabla ya kupima kemia ya punje.

Hatua ya 5: Shuku kila "kwatzi" iliyochoka

Osumilaiti, madini mengine maarufu ya Napier, inafanana na kwatzi na kodieraiti kiasi cha kuudhi. Mara nyingi imekwisha kuvunjika, ikaacha mchanganyiko mwembamba wa kodieraiti, feldispa ya potasiamu, kwatzi na othopairoksini uliosukana kama ukili. Ukikuta msuko huo, andika "huenda ilikuwa osumilaiti" na uendelee.

Hatua ya 6: Tafuta maji

Angalia kama kuna ulanga mweusi, yaani biotaiti. Kwenye granulaiti safi za Napier ni haba, kwa kuwa mwamba ulikwisha kukauka. Ikiwa imejipanga kando ya nyufa au kanda zilizosagika, imekuja baadaye, maji yalipopenya. Miamba jirani ya Rayner Complex iliivishwa upya miaka milioni 1,000 hadi 900 iliyopita, na athari zake zinagusa pembezoni mwa Napier.

Hatua ya 7: Zikoni na umri

Weka alama kwenye zikoni, fuwele ndogo zinazotumika kupima umri wa mwamba, kabla ya kurudisha slaidi, ukiandika imezungukwa na madini gani. Upimaji wa urani, na risasi inayotokana nayo kadiri miaka inavyopita, katika zikoni za Mount Sones umeonyesha kwamba mwamba asilia una zaidi ya miaka bilioni 3.8, mkubwa sana kuliko umri wa joto lenyewe.

Lakini joto hilo lilihamisha risasi ndani ya fuwele. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba ndani ya zikoni za Napier kuna vidonge vya risasi metali vya ukubwa wa nanomita. Nukta ya kipimo ikiangukia kidonge, umri unatoka mkubwa kuliko ukweli. Ukiletewa tarakimu inayopita bilioni 4 kutoka Napier, uliza nukta ngapi zimepimwa katika fuwele hiyohiyo. Umri wa nukta moja mimi siuingizi daftarini.