Kuhamisha Barua Pepe Kutoka Seva ya Zamani: Makosa ya Kunakili na Namna ya Kuyaondoa

Mwongozo huu unamhusu msimamizi wa seva anayehamisha barua pepe kutoka mashine moja ya Linux kwenda nyingine, ambako Postfix hupokea barua na Dovecot huzihifadhi kwa mfumo wa Maildir, na kazi ya kunakili kwa rsync (programu ya kunakili faili) imekatika njiani. Kabla ya kurudia amri, soma kosa la kwanza lililoandikwa, si la mwisho, kwa sababu mengi yanayofuata huwa ni matokeo yake. Faili za seva ya zamani zisiguswe hata moja hadi hesabu ya barua ilingane pande zote mbili, kwani humo mna mikataba, risiti na mawasiliano ya watu ambao huenda hawana nakala nyingine popote.

Kosa linalowachanganya wengi ni "No space left on device", huku amri ya df -h ikionyesha kwamba diski ina nafasi tele. Endesha df -i, ambayo badala ya nafasi huonyesha inodi, yaani rekodi ambazo mfumo wa diski hutumia kutambua kila faili. Katika Maildir kila barua ni faili inayojitegemea, na kila faili hutumia inodi moja. Mfumo wa ext4 hupanga idadi ya inodi siku diski inapoumbizwa, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384, hivyo diski ya gigabaiti 100 hupata takriban inodi milioni 6.5. Ofisi yenye barua fupi fupi za miaka mingi inaweza kuzimaliza zote ilhali sehemu kubwa ya diski ingali tupu. Kwa kuwa seva mpya bado haina kitu cha kupoteza, ni afadhali kuiumbiza upya diski yake ya barua kwa mkfs.ext4 -i 4096, au kutumia XFS, ambayo huunda inodi kadiri zinavyohitajika. Ujumbe wa "Disk quota exceeded" ni jambo tofauti: hapo mgao wa mtumiaji ndio uliojaa.

"Permission denied" wakati wa kunakili humaanisha kwamba akaunti unayotumia haina ruhusa ya kusoma huku au kuandika kule. Kosa hilohilo likijitokeza baada ya kunakili, katika kumbukumbu za Dovecot, linganisha matokeo ya id vmail (vmail ikiwa ni akaunti inayomiliki faili za barua) kwenye seva zote mbili, kwa maana Linux huhifadhi mwenye faili kwa namba, na namba hizo zikitofautiana, faili zitakuwa mali ya mtu mwingine au za root, akaunti ya msimamizi mkuu. Zikilingana, nakili kwa rsync -aH --numeric-ids. Zisipolingana, rekebisha umiliki kwa chown. Kwenye mifumo ya jamii ya Red Hat, endesha pia restorecon -Rv, la sivyo SELinux, ulinzi wa ziada wa mifumo hiyo, itaizuia Dovecot hata kama ruhusa za kawaida ni sahihi.

Wanaopitishia barua kwenye diski ya nje ya FAT32 au exFAT hukutana na "Invalid argument", kwa kuwa majina ya faili za Maildir yana nukta pacha, ambayo mifumo hiyo haiikubali. Usibadilishe majina hayo. Fungasha folda nzima kwa tar, kisha nakili kifurushi hicho, ukikumbuka kwamba FAT32 haipokei faili inayofikia gigabaiti 4.

Onyo la "file has vanished", ambalo rsync huliambatanisha na namba 24, linahitaji uangalifu zaidi kuliko ule ambao watu hulipatia. Mtumiaji anapofungua sanduku lake, Dovecot huhamisha barua kutoka folda ya new kwenda folda ya cur, na anapoisoma huongeza herufi S mwishoni mwa jina la faili. Ukinakili mara mbili huku seva ikifanya kazi, barua moja itafika kwa majina mawili, na mtumiaji ataiona mara mbili. Kwa hiyo nakili mara ya kwanza seva ikiwa hai, kisha simamisha Postfix na Dovecot, na unakili mara ya mwisho kwa kuongeza --delete, ambayo hufuta kwenye seva mpya faili zisizokuwepo kwenye ya zamani, baada ya kujaribu kwanza kwa --dry-run, ambayo huonyesha matokeo bila kubadilisha chochote. Seva mpya isipokee barua yoyote kabla ya hatua hiyo, kwa sababu --delete itazifuta. Barua zinazotumwa wakati huo kwa kawaida hazipotei: seva za watumaji huziweka kwenye foleni na kujaribu tena, na Postfix kwa mpangilio wake wa kawaida hujaribu kwa siku 5.

Ukiona "Input/output error", acha kunakili mara moja. Huenda diski inakufa, na kila jaribio linaweza kuongeza hasara. Ipime kwa smartctl, kisha toa picha yake nzima (nakala kamili ya diski katika faili) kwa ddrescue na ufanyie kazi picha hiyo.

Hakikisha faili za dovecot-uidlist, zenye namba za utambulisho wa barua, zimefika, kwani zikikosekana programu za watumiaji zitapakua barua zote upya. Halafu linganisha idadi ya barua za kila mtumiaji kwa doveadm mailbox status -u jina messages '*' kwenye seva zote mbili. Ikiwa ulihamisha pia foleni ya Postfix, endesha postsuper -s kabla ya kuiwasha, ili majina ya faili za foleni yarekebishwe yaendane na inodi za diski mpya.