Unalea watoto nyumbani Malindi? Hivi ndivyo utakavyoidai serikali

Wanawake wenzangu wa Maweni na Barani huniuliza sana: "Dada, Ujerumani mtu analea watoto nyumbani kwake na serikali inamlipa. Mbona sisi hatulipwi?" Malindi tuna mashemeji wengi huko, kwa hivyo habari hufika upesi, lakini hufika nusu. Mimi nalea watoto uani kwangu, mama zao wakiwa hotelini na sokoni, na nataka tuipate habari nzima.

Uliza kwanza: katika nchi hiyo, pesa zinamfuata nani?

Ujerumani zinamfuata mlezi. Idara ya vijana ya mji wake humpa kibali cha miaka 5, watoto wasizidi 5 kwa wakati mmoja, humlipa, na humrudishia nusu ya michango yake ya bima ya afya na ya uzeeni. Tangu Agosti 2013 mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki ya nafasi ya kulelewa kisheria, kwa hivyo mji wenyewe unawahitaji walezi. Ufaransa zinamfuata mzazi: yeye ndiye mwajiri, na mfuko wa familia humsaidia kulipa mshahara wa mlezi mwenye kibali. Marekani upo mpango unaofuata sahani. Mlezi aliyesajiliwa hurudishiwa gharama ya chakula, mradi aandike kila siku nani amekula nini.

Wanaonitia moyo zaidi ni wamama wa Kolombia. Tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakilea watoto wa majirani katika nyumba za kawaida kama zetu, kwa posho ndogo. Waliungana wakadai, na mwaka 2014 wakaanza kupewa mikataba ya kazi yenye mshahara wa kima cha chini.

Sasa kwetu Kenya. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Kwa hivyo mtu wa Malindi mlango wake ni Kaunti ya Kilifi, na wa Lamu ni Kaunti ya Lamu. Ukimwendea mbunge atakusikiliza, lakini bajeti hiyo hana.

Kabla hujaenda, fungua daftari. Langu lina jina la mtoto, umri, saa aliyoletwa, saa aliyochukuliwa na nani, simu ya mama, alichokula, na kilicholipwa. Lijaze mtoto akiwa bado mlangoni, maana jioni utasahau. Kadi za kliniki zipige picha. Kisha mwite afisa wa afya ya umma mwenyewe, usingoje akuvamie. Choo, maji, mfuniko wa kisima na jiko lililo mbali na watoto ndivyo vitu atakavyovitazama. Akikwambia rekebisha, rekebisha, na umwombe aandike kuwa umerekebisha.

Usiende peke yako, undeni kikundi. Sheria ya vikundi ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, na usajili ni kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo wa Hazina ya Uwezo, mfuko wa serikali wa kukopesha vikundi, usio na riba. Lakini mkopo hurudishwa! Chukueni wa magodoro au tangi la maji, msichukue wa uji wa kila siku, kwa sababu uji hauzai pesa ya kulipia deni.

Halafu tazameni kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili. Vikao vya kutoa maoni vikitangazwa, nendeni na ombi la ukurasa mmoja: mna nyumba ngapi, watoto wangapi chini ya miaka 4, na mnataka nini. Mimi ningeanza na unga wa uji na mafunzo ya huduma ya kwanza, vitu ambavyo afisa hawezi kuvikataa kwa urahisi. Chapeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mbele yenu na mrudi nayo.