Somo: Seli ya kitunguu na seli ya shavu chini ya hadubini

Mwanafunzi wa S.3 (mwaka wa tatu wa sekondari) atakukariria bila kukwama kwamba seli ya mmea ina ukuta na ya mnyama haina. Mpe hadubini, achore: utapata picha ya kitabuni, kloroplasti (chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa jua) tele, na alichoweka chini ya lenzi ni kitunguu! Katika somo hili chora ulichokiona, basi.

Kitunguu

1. Kata kitunguu robo, chomoa gamba nene la ndani. Upande wake uliobonyea umefunikwa na ngozi nyembamba inayong'aa kama nailoni. Vunja gamba kwa vidole. Ngozi itabaki ikining'inia, ivute kwa kibano. Chukua kipande cha milimita 5 kwa 5.

2. Kiweke mara moja kwenye tone la maji juu ya slaidi na ukitandaze kwa sindano. Kikikunjika utaona tabaka mbili kwa pamoja, kuta zimepishana kama wavu wa samaki.

3. Ongeza tone moja la ayodini yenye rangi ya chai kavu. Subiri dakika 2. Ikiwa nzito kuliko hapo, kila kitu kinageuka kahawia na kiini hupotea.

4. Kioo cha kufunikia kisimamishe kwa mshazari kando ya tone, kisha kishushe polepole kwa sindano. Ukikidondosha, hewa inanaswa. Kiputo ni duara lenye ukingo mweusi mzito, na ndicho kinachochorwa na wengi kama kiini. Kiini chenyewe ni hafifu, cha manjano-kahawia, mara nyingi kimebanwa pembeni.

5. Anza na lenzi ya 4 (inayokuza mara 4), halafu ya 10. Ukifika ya 40 gusa skrubu ndogo tu. Ile kubwa itapasua slaidi. Punguza mwanga pia, maana ukizidi huwezi kuona saitoplazimu, ule ute wa ndani ya seli.

Kupima ukubwa: weka rula ya plastiki chini ya lenzi ya 4. Ukiona upana wa milimita 4.5, basi kwa lenzi ya 10 unaona 4.5 × 4 ÷ 10, yaani milimita 1.8. Seli 6 zikijipanga kwa urefu kutoka ukingo hadi ukingo, kila moja ina kama milimita 0.3.

Kazi ya vakuoli na ukuta

Hapa chukua ngozi ya zambarau ya upande wa nje wa gamba la kitunguu chekundu, na *usitie ayodini*. Ayodini huua seli, na utando wa seli uliokufa hauchagui tena kipi kipite. Ile zambarau ni maji ya vakuoli, yaani mfuko wa maji ulio ndani ya seli. Tia tone la maji ya chumvi (gramu 5 kwa mililita 100) ukingoni mwa kioo, na upande wa pili uyavute kwa karatasi ya chooni. Baada ya dakika chache zambarau inasinyaa na kujitenga na ukuta, lakini ukuta unabaki na umbo lake. Rudisha maji safi, itajaa tena. Wauza dodo (mchicha) wanaonyunyizia mboga zao maji sokoni wanafanya hilohilo: vakuoli ikijaa inasukuma ukuta, jani linasimama.

Shavu

Futa ndani ya shavu kwa kijiti kipya cha pamba na ukipake kwenye tone la maji ya chumvi ya gramu 0.9 kwa mililita 100. Maji matupu huvimbisha seli za mnyama, kwa kuwa hakuna ukuta wa kuzizuia. Tia tone la rangi ya methilini bluu, funika. Utaona vipande visivyo na umbo maalumu, vya kama milimita 0.06, kila kimoja na kiini cha buluu karibu na katikati. Kijiti kitupe kwenye dawa ya kuua vijidudu. Kila mtu na chake.

Maswali ya wanachama, kila mmoja kwa mji wake wa Uganda

Arua: Mwalimu, hatuna methilini bluu. Ayodini itafaa kwa shavu?
— Itafaa. Kiini kitakuwa kahawia hafifu, kwa hiyo punguza mwanga zaidi.

Jinja: Sasa kloroplasti nizitafute wapi?
— Si kwenye kitunguu. Magamba yake ni ghala, hayatengenezi chakula kwa jua. Tafuta vile vimimea vinavyotanda kama zulia la kijani kwenye kuta zenye unyevu wakati wa mvua. Jani lake dogo kwa sehemu kubwa lina unene wa seli moja. Liweke zima kwenye maji, bila rangi yoyote.

Mbale: Na mitokondria, zile chembe zinazoipa seli nishati?
— Kwa hadubini ya shule hutaziona. Usizichore.

Fort Portal: Nilikwangua matoke (ndizi za kupika) mabichi, nikatia ayodini. Yote yakawa meusi. Nimekosea?
— Umeweka mengi mno. Meusi hayo ni chembe za wanga, na zimeficha kiini. Gusa tunda kwa ncha ya sindano tu, upake mpaka slaidi ionekane kama safi. Utaona chembe moja moja zimelala ndani ya seli. Kando yake weka bogoya (ndizi tamu) iliyoiva vizuri. Chembe zitakuwa chache sana, kwa sababu wanga umeshageuzwa sukari.